Haki ya Kujitoa: Ridhaa, Ukimya na Makato ya Huduma za Simu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Masanze, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa Masanze katika hali ya uzima na amani. Mada tuliyopewa leo huenda ikaonekana ngeni kusemwa mbele ya mihrabu. Tumezoea kusikia hapa habari za sala, saumu, zaka na malezi ya watoto. Leo tumetakiwa tuzungumzie makato ya simu, yaani zile huduma ambazo mtu hujiunga nazo kwa kubonyeza tarakimu moja, kisha akatozwa kila siku au kila mwezi, na siku akitaka kujitoa haoni mlango wa kutokea. Hata hivyo, atakayetafakari ataona kwamba mada hii haiko mbali na dini hata kidogo. Ni mada ya mali, ya mkataba na ya ridhaa, na katika mambo hayo matatu Uislamu umesema maneno mengi na yaliyo wazi.

Lalamiko tunalolisikia

Katika kuwatembelea waumini wa maeneo haya baada ya mavuno tumekuwa tukisikia lalamiko moja likirudiwa nyumba hadi nyumba: "Salio langu linaliwa." Mtu ananunua vocha jioni, asubuhi anakuta imepungua ilhali hakumpigia mtu yeyote.

Tutoe mfano mmoja. Yuko mama yetu mjane, muuza vitumbua, ambaye kila wiki huweka vocha ya shilingi 1,000 ili ampigie mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Mama huyu anasoma Kurani Tukufu vizuri sana, lakini herufi za Kirumi zinamshinda. Alipoona salio halidumu alidhani simu yake imeharibika, akaipeleka kwa fundi, na fundi akachukua fedha yake bila kuona ubovu wowote. Mjukuu wake aliporudi likizo ndiye aliyesoma ujumbe uliokuwa umejaa katika simu ile. Ilionekana kwamba namba yake iliandikishwa katika huduma ya kutumiwa dondoo za afya, na kila siku alikuwa akikatwa shilingi 100. Ilikuwa imepita miezi mitatu. Nani aliyejiunga? Huenda ni kidole cha mtoto aliyekuwa akichezea simu, huenda ni mama mwenyewe alipojibu ujumbe asiouelewa. Mama akatuuliza: "Mimi sikutaka kitu, wala sikukataa kitu. Sasa nimekosa nini?"

Ndugu zangu, shilingi 100 ni kitu kidogo machoni pa mwenye nacho. Lakini shilingi 100 kwa siku ni shilingi 36,500 kwa mwaka. Kwa mkulima wa mahindi na ufuta hiyo ni fedha ya mbegu, au ya palizi, au ya sare ya mtoto wa shule. Kidogo kidogo hujaza kibaba, na kidogo kidogo ndicho humaliza kibaba. Swali la mama yule ndilo tutakalojaribu kulijibu leo.

Ukimya una maana gani?

Kwanza tuelewe namna mikataba hii inavyofanya kazi. Ziko namna mbili.

Namna ya kwanza ni ile ambayo ukinyamaza, huduma inakatika. Mwenye kisimbuzi cha televisheni nyumbani anaijua vizuri: mwezi ukiisha bila kulipia, chaneli za kulipia hufungwa, na hakuna atakayekudai. Kifurushi cha kawaida cha simu cha siku moja au wiki moja nacho ni hivyo hivyo. Kila malipo ni uamuzi mpya. Katika namna hii ukimya wako maana yake ni "hapana".

Namna ya pili ni ile ambayo ukinyamaza, huduma inaendelea na makato yanaendelea. Hapo ndipo zilipo huduma za milio ya simu, dondoo za afya, matokeo ya mpira, nyota za bahati, vifurushi vinavyojirudia vyenyewe, na programu za simu janja zinazoanza na siku chache za bure na baadaye kuanza kutoza. Katika namna hii ukimya wako huchukuliwa kuwa maana yake ni "ndiyo", leo na kesho na keshokutwa, mpaka siku utakapotamka kwamba hutaki.

Tofauti ya namna hizi mbili ndiyo kiini cha mambo yote tutakayoyasema. Si kila mkataba wa namna ya pili ni dhuluma. Mtu anayelipia bima kila mwezi, au anayechangia kikundi cha kuzikana, anaweza kutaka malipo yake yaendelee bila kukumbushwa. Dhuluma huingia pale mtu asipojua kwamba ameingia, au anapojua ila amefichiwa njia ya kutoka.

Mafundisho ya dini juu ya ridhaa

Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu anawakataza waaminio kula mali za wao kwa wao kwa njia ya batili, na anaruhusu biashara inayofanyika kwa kuridhiana. Tuzingatie kwamba haikutosha kuwepo kwa biashara. Imetajwa ridhaa, na ridhaa hiyo ni ya pande zote mbili. Bei inaweza kuwa ndogo na huduma ikawa nzuri, lakini ikikosekana ridhaa, kinachochukuliwa kinaingia katika batili.

Mafakihi wakaendelea kupambanua: je, anayenyamaza ameridhia? Iko kanuni mashuhuri ya fiqhi inayofundisha kwamba aliyenyamaza hatundikiwi kauli asiyoitamka. Kanuni hiyo iliingizwa hata katika Majalla, yaani mkusanyo wa sheria za madai wa Dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876, na huko imewekwa katika kifungu cha 67. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba ukimya mahali ambapo mtu anatakiwa kusema huweza kuhesabiwa kuwa maelezo. Mfano wake unajulikana na wote: binti bikira anapoulizwa kuhusu ndoa, ukimya wake unakubaliwa kuwa idhini kwa sababu ya haya yake.

Tuangalie basi kwa makini. Binti yule ameulizwa. Ameulizwa kwa lugha anayoielewa, kuhusu jambo analolijua, na akisema hapana, hapana yake inasikilizwa. Je, mama yetu muuza vitumbua aliulizwa? Alielewa alichoulizwa? Alipewa njia nyepesi ya kusema hapana? Kama jibu la maswali hayo ni la, basi kuugeuza ukimya wake kuwa ridhaa ni kumtundikia kauli ambayo hakuisema. Hilo ndilo jibu letu kwake: mama, hukukosa kitu.

Mtu aliyekuwa akipunjwa sokoni

Zimepokewa habari za sahaba mmoja wa Madina, ambaye katika baadhi ya mapokezi anatajwa kwa jina la Habban bin Munqidh r.a. Alikuwa amejeruhiwa kichwani, ulimi wake ukawa mzito na uwezo wake wa kupima mambo ukapungua. Hata hivyo aliipenda biashara, na kila akiingia sokoni alikuwa akipunjwa. Jamaa zake wakamwendea Mtume Mtukufu s.a.w. wakaomba azuiwe kabisa kununua na kuuza. Mtume s.a.w. akamwita na kumkataza, naye akasema kwamba hawezi kustahimili kuiacha biashara. Ndipo Mtume Mtukufu s.a.w. akamwelekeza kwamba kila anapofanya biashara atangulize sharti kuwa pasiwepo udanganyifu, na katika baadhi ya mapokezi akapewa hiari ya siku tatu katika kila alichonunua: akiridhika akishike, asiporidhika akirudishe kwa mwenyewe.

Ndugu wapendwa, ndani ya habari hii mna hekima kubwa. Mtu dhaifu hakufukuzwa sokoni. Soko ndilo lililowekewa sharti. Leo tunapoona mzee anakatwa salio lake, wengi wetu husema, "Mnyang'anyeni simu, hajui kuitumia." Hilo ndilo ombi lile lile la jamaa zake Habban, na halikuwa mwisho wa shauri lake. Mzee ana haki ya kuzungumza na watoto wake walio mbali, kupokea fedha wanazomtumia na kujua bei ya mazao mjini. Ni wajibu wa mwenye huduma kuiweka huduma yake katika hali ambayo mzee huyo hatadhulumiwa, na ni wajibu wetu sisi tulio karibu naye kumsaidia.

Pamoja na hayo, fiqhi ya Kiislamu ina mlango mzima uitwao hiari, yaani haki ya kuvunja mauzo. Imepokewa kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana. Upo pia mlango uitwao iqala, ambao ni muuzaji kukubali kwa wema kuyavunja mauzo yaliyokwisha kamilika kwa sababu mwenzake amejuta. Mtume Mtukufu s.a.w. amewapa bishara njema wafanyao hivyo, kwamba Mwenyezi Mungu atawasamehe makosa yao. Kwa hiyo kumrahisishia mtu kujitoa si jambo lililobuniwa na mataifa ya Magharibi katika zama za intaneti. Lilikuwepo katika soko la Madina.

Mabadiliko yanayotokea duniani

Katika miaka ya karibuni mataifa mengi yamebadilisha sheria zao juu ya jambo hili. Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2022, imewalazimisha wafanyabiashara wa mtandaoni kuweka kitufe kinachoonekana wazi cha kuvunja mkataba. Ufaransa ilifuata tarehe 1 Juni 2023 kwa sharti linalofanana na hilo. Nchini India, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021, Benki Kuu ya nchi hiyo iliagiza kwamba makato yanayojirudia katika kadi yatanguliwe na taarifa kwa mteja angalau saa 24 kabla, ili aweze kuyazuia. Sharti hili la India linastahili kuangaliwa sana na watu wa nchi kama yetu, kwa sababu halimngojei mteja akumbuke. Linamtaka anayekata ndiye aseme kwanza.

Nchini Marekani mambo yamekwenda mbele na kurudi nyuma. Mwezi Oktoba 2024 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya nchi hiyo ilipitisha kanuni kwamba kujitoa kuwe kwepesi kama kulivyokuwa kujiunga. Kanuni hiyo ilitenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwezi Julai 2025, siku chache kabla ya kuanza kutumika kikamilifu, kwa sababu utaratibu wa kuitunga haukufuatwa ipasavyo. Lakini mwezi Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza shauri lililofunguliwa na Tume hiyo hiyo kuhusu namna wateja walivyoandikishwa katika huduma yake ya Prime na ugumu wa kujitoa. Katika fedha hizo, dola bilioni 1.5 ni za kuwarudishia wateja. Katika shauri hilo ilielezwa kwamba ndani ya kampuni utaratibu wa kujitoa ulikuwa umepewa jina la Iliad, utenzi mrefu wa Wayunani wa kale unaosimulia vita. Jina hilo linatosha kutuonyesha jinsi safari ya kutoka ilivyokuwa.

Hali ya nchi yetu

Hapa Tanzania hatukuachwa bila kinga. Sheria ya Mikataba, ambayo asili yake ni ya mwaka 1961, inataka ridhaa iliyo huru, na inaeleza kwamba ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, kwa ulaghai au kwa maelezo ya uongo si ridhaa huru. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoweka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Mwaka 2018 zilitungwa kanuni maalumu za kumlinda mtumiaji wa mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara.

Tunakumbuka pia yaliyotokea mwaka 2021. Baada ya malalamiko mengi ya wananchi juu ya vifurushi, TCRA ilitoa masharti mapya ambayo yangeanza kutumika tarehe 2 Aprili mwaka huo, miongoni mwake likiwa sharti la kumwarifu mtumiaji jinsi kifurushi chake kinavyotumika, na la kumwezesha kuhamisha sehemu ya kifurushi kwa mwingine wa mtandao huo huo. Siku hiyo ilipofika, watu walikuta bei mpya ambazo waliziona kuwa zimepanda mno. Kelele zikapigwa nchi nzima, na siku hiyo hiyo Serikali ikaagiza bei hizo zisitishwe na zirejeshwe za awali. Funzo ni kwamba malalamiko ya wananchi yakitolewa kwa utaratibu na kwa wingi husikilizwa. Anayenung'unika kibarazani peke yake hasaidii nafsi yake wala jirani yake.

Jinsi ya kuipokea taarifa ya mabadiliko

Mara kwa mara tunapokea ujumbe usemao kwamba vigezo na masharti ya huduma vimebadilika, na kwamba kuendelea kutumia huduma ni kuyakubali. Wengi huufuta bila kuusoma. Tunawasihi msifanye hivyo. Usomeni, na asiyejua kusoma asomewe, huku mkijiuliza maswali manne.

La kwanza: kimebadilika nini? Ni bei, ni muda, au ni njia ya kujitoa? Mara nyingine bei haiguswi, bali huduma iliyokuwa ya mara moja hugeuzwa kuwa ya kujirudia. Neno "itajirudia yenyewe" lina uzito kuliko tarakimu zote zilizo katika ujumbe ule.

La pili: inaanza lini? Kati ya siku ya taarifa na siku ya kuanza ndipo ilipo nafasi yako ya kuamua.

La tatu: nikikataa, nifanye nini? Ujumbe ulio wa haki hutaja njia ya kujitoa pale pale. Kama haukuitaja, piga simu kwa mtoa huduma na uulize.

La nne: nilicholipa tayari kitakuwaje? Katika huduma nyingi, anayejitoa leo huendelea kuhudumiwa mpaka mwisho wa muda aliokwisha kulipia, na makato husimama baada ya hapo. Kwa hiyo hakuna haja ya kungoja siku ya mwisho. Wengi hungoja siku ya mwisho, wakasahau, na mwezi mwingine ukakatwa.

Njia ya kujitoa

Sasa tuseme mambo ya vitendo, ili kila mmoja atoke hapa na kitu mkononi.

Kwanza, kufuta ujumbe si kujitoa. Vivyo hivyo kuondoa programu katika simu janja si kujitoa. Programu huondoka kwenye kioo, lakini mkataba hubaki katika akaunti yako na makato huendelea. Ni lazima kuingia sehemu ya malipo na usajili katika akaunti ile na kuusitisha usajili wenyewe.

Pili, kwa huduma zinazoletwa kwa namba fupi, soma ujumbe wa kujiunga au ule unaokuja kila siku, kwani kwa kawaida hutaja neno la kujibu, kama vile "ONDOA" au "STOP". Lituke kwa namba ile ile iliyokuletea ujumbe, kisha ungoje jibu. Jibu likija, lihifadhi.

Tatu, kama njia hiyo haikufaa, piga namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako na uombe mambo mawili: wakutajie huduma zote zinazokata katika namba yako, na waziondoe zile usizozitaka. Andika tarehe na saa uliyopiga, na namba ya lalamiko kama utapewa. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura Al-Baqarah kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Kuandika malalamiko ni katika roho ya mafundisho hayo hayo.

Nne, mtoa huduma asipolitatua lalamiko, lipelekeni TCRA pamoja na maandishi yenu. Utaratibu unataka kwanza mlalamike kwa mtoa huduma, na ndiyo maana kumbukumbu za hatua ya tatu ni muhimu.

Tano, jihadharini na matapeli wanaojifanya wanawasaidia watu kujitoa. Anayepiga na kusema, "Nitajie namba yako ya siri ili nikuondoe katika makato," huyo ni mwizi. Namba ya siri haihitajiki popote katika kujitoa. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwa namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili hiyo. Kila mmoja pia abonyeze nyota 106 reli, aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa. Akikuta laini asiyoijua, aende akaripoti.

Kujitoa si kukimbia deni

Tungekuwa tumesema nusu ya haki kama tungenyamazia upande wa pili. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura Al-Maidah kutimiza mikataba, na amri hiyo inatuhusu sisi kama inavyoyahusu makampuni. Wako wanaokopa salio au fedha kwa njia ya simu, wakatumia, kisha wakaivunja laini na kununua nyingine, wakajisifu kwamba wamejitoa. Huko si kujitoa. Haki ya kujitoa inasimamisha ya kesho. Haifuti ya jana. Mnajua kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipa, akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada r.a. alipolichukua deni lile juu yake, ndipo akamsalia. Deni lile lilikuwa dinari chache tu. Basi asiidharau mtu mia tano ya mtandao kwa kuwa mwenye kudai ni tajiri.

Vivyo hivyo vijana wetu wanaofanya kazi ya uwakala wa simu, pale barabarani Mikumi, Kilosa mjini na hapa kwetu. Mama akikuletea simu umsaidie kutuma fedha, simu ile ni amana mkononi mwako. Ukimwandikisha katika huduma asiyoitaka ili upate kamisheni, umeihini amana, hata kama makato ni shilingi hamsini. Mtume Mtukufu s.a.w. alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta chini kuna umande uliofichwa, alimkemea muuzaji na kusema kwamba adanganyaye hayumo pamoja naye. Umande ule haukuwa mwingi. Kosa lilikuwa kuufunika.

Pia wajihadhari wanaopenda kutumiwa dua na aya kwa malipo ya kila siku. Ujumbe kubeba jina la dini hakuufanyi mkataba wake kuwa halali kama ridhaa haikuwepo.

Hatimaye tuangalie vikundi vyetu wenyewe. Tunavyo vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya kuzikana, michango ya madrasa. Je, mwanachama anayetaka kujitoa anazijua taratibu? Hisa zake atarudishiwa lini? Au anazungushwa mkutano hadi mkutano mpaka achoke, kama anavyozungushwa na menyu ya simu? Hatuwezi kuyadai makampuni uadilifu ambao sisi kwa sisi hatutendeani. Tunapendekeza kila kikundi kiandike katika katiba yake, kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja juu ya kujitoa, na usomwe mbele ya kila mwanachama anapoingia. Mlango wa kutoka uonyeshwe siku ile ile ya kuingia.

Tunalowaomba

Kwa kumalizia, tunaiomba kila jamaa ya msikiti iteue vijana wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, waaminifu na wenye kusoma vizuri. Baada ya sala ya Ijumaa, mara moja kwa mwezi, wakae nusu saa kuwasomea wazee na akina mama ujumbe uliomo katika simu zao, mbele ya wenyewe, bila kugusa namba zao za siri na bila kupokea malipo. Penye huduma isiyotakiwa, waiondoe pale pale mwenye simu akiona. Penye lalamiko, waliandike. Malalamiko ya mwezi mzima yakikusanywa yapelekwe kwa pamoja, kwani karatasi yenye majina 30 haisomwi kama karatasi yenye jina moja.

Kazi hii ni ndogo, lakini ndani yake mna kumsaidia aliyedhulumiwa, kumheshimu mzee na kuilinda mali ya maskini. Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azitakase biashara zetu kutokana na hila, awape wenye nguvu moyo wa kuwaonea huruma wanyonge, na atujaalie kuwa watu wa kutimiza ahadi katika kuingia na katika kutoka. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.